Aliyeitwa Semeni

Mama yangu alinikana mchana, kwenye uwanja wa mji, mbele ya watu niliokua nao, na alinikana kwa sauti nzuri. Hilo la sauti ndilo linaloniuma zaidi. Angetetemeka, angemeza mate, angetazama chini, ningepata mahali pa kushika. Lakini alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi kwa mteja asiye na haraka. Nami nilisimama pembeni yake nikiwa nimevaa kanga aliyonichagulia mwenyewe asubuhi ile.

Ili ujue alichokikana, lazima nianze na jina langu lilikotoka.

Mji wetu umekaa juu ya chumvi. Ardhi ni nyeupe mpaka macho yanapoishia, na jua likisimama kichwani vivuli hupotea chini ya nyayo, watu wakatembea kama waliosahau kitu nyumbani. Hakuna mtu mwenye umri katika mji huu. Kila anapoingia mtawala mpya, mwaka huanza tena kuwa wa kwanza, kalenda za zamani huteremshwa ukutani, na wazee kwa watoto huhesabiwa kuwa wamezaliwa upya. Nimewahi kuwa wa mwaka mmoja, sawa na mama yangu mzazi, tukiwa tumeketi jiko moja, yeye akikohoa na mimi nikisuka nywele. Kwa hiyo usiniulize mambo haya yalitokea lini. Yalitokea kabla ya mtawala aliyeitwa Msikivu, wakati wa Msikivu, na baada yake. Mahali ambapo mtu hana umri, jina ndilo mfupa wake. Ukimwondolea hilo, anabaki nyama inayotembea juani.

Mama alikuwa mchemsha chumvi. Alichota maji kwenye visima vya chumvi, akayamimina kwenye vyungu vipana, akachochea moto hadi maji yaishe na chumvi ibaki ukingoni kama ukoko wa wali. Mumewe alikuwa mtu wa punda, akipeleka mizigo ya chumvi nchi za majani, na safari moja aliondoka asirudi. Mama alipoanza kuonekana mjamzito, wanawake wa mtaa wakaanza kuhesabu kwa vidole. Walihesabu kisimani, walihesabu sokoni, walihesabu hata msibani huku wanalia, na kila aliyehesabu alipata jawabu lake. Mama alichochea moto, hakujibu.

Siku nilipozaliwa walikuja wote, wamejitanda kanga zao za kwendea kuona mtoto, ili wautazame uso wangu wamtambue mwenye nao. Mama alifungua mlango kabla hawajabisha. Akanitoa nje kwa mikono miwili, akanisogeza karibu na nyuso zao, akasema neno moja tu.

"Semeni!"

Hakuna aliyesema. Walitazama miguu yao, wakaacha vipande vyao vya sabuni na vifuko vyao vya sukari kizingitini, wakaondoka. Kesho yake mmoja alimwuliza mwenzake kisimani, "Yule mtoto wa mchemsha chumvi, nani vile?" Mwenzake akamjibu, "Si alitutajia mwenyewe? Semeni." Likawa jina.

Hiyo ndiyo hadithi niliyolelewa nayo. Nilipokuwa nikimwuliza mama baba yangu ni nani, aliniambia, "Wewe ndiye uliyewanyamazisha. Hilo halikutoshi?" Likanitosha. Katika mji mzima hapakuwa na Semeni mwingine, nikaishi ndani ya jina lile kama mtu mwenye nyumba ya chumba kimoja, ndogo lakini ufunguo anao yeye. Watoto walinitania, "Semeni, tuseme nini?" nami niliwajibu, "Semeni mlichotumwa na mama zenu." Niliamini kwamba wengine walikuja duniani wakiwa watoto, mimi nilikuja nikiwa neno. Mama yangu alikuwa na jambo la kuuambia ulimwengu, na jambo lenyewe nilikuwa mimi. Naye akapotea humo humo ndani, maana kwetu mwanamke akizaa huitwa kwa jina la mtoto wake. Tangu siku ile akawa Mama Semeni. Jina lake la usichana sikuwahi kulisikia, na sikuwahi kuliuliza.

Nimelifikiria sana jambo la majina, na kila nikilifikiria linanitoka mikononi. Wanasema jina ni mali ya mtu. Mbona basi mwenye mali haitumii? Mimi nikiwa peke yangu sijiiti. Sijawahi kujiamsha kwa jina. Linakaa vinywani mwa watu wengine, wanalitafuna wanavyotaka, wananitupia likiwa limeloa mate yao, nami nageuka. Huenda mtu ni kule kugeuka tu. Huenda hakuna Semeni, kuna shingo iliyofundishwa kugeuka ikisikia sauti fulani. Lakini wakati huo sikuwa na mawazo ya aina hii. Nilikuwa msichana mrefu, mwenye furaha, nisiyeogopa watu.

Ndiyo sababu nilichaguliwa kumpokea Msikivu.

Kabla yake alitutawala mtu aliyeitwa Mnenaji, ambaye alizungumza hadi watu wakasahau sauti zao wenyewe zilivyo. Wengine walikuwa wakikohoa makusudi ili wajisikie. Basi Msikivu alipokuja amekaa kwenye gari la wazi, mtu mwembamba mwenye masikio ya kawaida kabisa, akasema amekuja kusikia, tulilia. Mwaka ukaanza kuwa wa kwanza. Mimi nikasogea na bakuli la chumvi, ambalo kwetu ndilo salamu ya mgeni, nikapiga goti, akalipokea.

"Unaitwa nani, binti?"

"Semeni."

Alidhani namwomba aseme. Akatabasamu, akarudia polepole, "Nimekuuliza, unaitwa nani?"

"Ndilo jina langu, Mheshimiwa. Semeni."

Alicheka hadi bakuli likamtikisika mkononi. Akakamata kipaza sauti. "Mnasikia? Nimezunguka nchi nzima nikiwaambia watu waseme, kumbe mji huu ulishalizaa neno langu kabla sijafika! Nani aliyempa huyu jina?"

Watu wakamsukuma mama mbele. Alikuwa bado ana masizi viganjani.

"Ulijuaje, Mama Semeni?" Msikivu akamwuliza. "Nani alikuambia nakuja?"

Nilingoja ile ya mlangoni. Niliona fahari kwamba sasa nchi nzima itasikia jinsi mama yangu alivyowanyamazisha waongo kwa neno moja. Mama akafuta viganja kwenye kanga.

"Niliota, Mheshimiwa," alisema. "Niliota anakuja mtu wa kutusikiliza."

Nilimgeukia. Hakunigeukia. Watu walipiga makofi, na waliopiga kwa nguvu zaidi ni wale wale waliowahi kuhesabu kwa vidole.

Nyumbani nilimwuliza, "Mama, ndoto gani?"

"Ulitaka niseme nini? Kwamba walinihesabia mimba?"

"Ungesema ilivyokuwa."

"Yale yalikuwa ya mlangoni kwangu, mwanangu. Siwezi kuyapeleka uwanjani yakachezewe." Akanishika kidevu. "Mimi na wewe tunajua. Basi."

Nikaridhika na ile *mimi na wewe*. Ilikuwa tamu kuliko makofi.

Baada ya hapo jina likaanza kuzaana. Kila mtoto wa kike aliyezaliwa aliitwa Semeni, kisha wa kiume nao wakafuata. Wanawake wazima waliacha majina ya bibi zao. Bi Hidaya, jirani wa nyumba ya pili, aliyekuwa bingwa wa kuhesabu kwa vidole, alimwita mjukuu wake Semeni, akawa kila akiniona ananipungia mkono kwa mbali, "Hujambo, somo wa mjukuu wangu!" Barabara ya sokoni ikaitwa Semeni. Duka la mikate likaitwa Semeni. Mbuzi waliitwa hivyo. Mama alijengewa nyumba ya mawe yenye baraza, hapo hapo uwanjani, na wazazi wapya walimletea vichanga vyao avinong'oneze jina sikioni, wakimwita Mama wa Semeni Wote. Aliviacha vyungu vyake vikapasuka juani. Viganja vyake vikawa laini, navyo vilipokuwa laini sikuvitambua tena vikinigusa.

Na mimi? Kisimani mtu akiita, tuligeuka umati. Nikaanza kuchelewa kuitika, ili kwanza nione kama kuna mwingine. Mara nyingi alikuwepo mwingine. Wageni walinieleza maana ya jina langu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto: eti ni jina la ndoto, jina la ujio wa Msikivu, na anayeitwa hivyo anatakiwa kuwa mcheshi. Nililiona likivaliwa na watu wa kila umbo hadi likalegea, kama nguo inayoazimwa mtaa mzima kwa ajili ya harusi, na kila inaporudi kwa mwenyewe ina harufu ya mtu mwingine.

Msikivu hakuwa amefikiria kwamba watu wangesema kweli.

Walisema. Walisema visima vya chumvi vimewekewa makufuli na funguo wanazo jamaa zake. Walisema vijana waliochukuliwa kujenga barabara hawajarudi na barabara yenyewe haionekani. Mwanzoni alisikia akitabasamu. Baadaye akawa anasikia amefumba macho. Baadaye akatuma watu wamsikilizie, nao walisimama chini ya madirisha yetu wakati tunakula, na tuliwasikia wakipumua. Sikio nalo ni kiungo, linachoka, na lilipochoka la kwake, vipaza sauti vilivyokuwa vimefungwa juu ya nguzo vikatangaza kwamba jina la Semeni limepumzishwa. Kila aliyelitoa aje uwanjani alirudishe, na amtajie mwanawe jina jingine.

Mama ndiye aliyetakiwa kuwa wa kwanza.

Asubuhi hiyo alinisuka nywele, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tuhamie nyumba ya mawe. Alinichagulia kanga. Mikono yake ilitulia kichwani kwangu, akasema, "Usiogope. Leo nitawaambia ile ya mlangoni. Wanifanye wanavyotaka."

"Mama, tutapata tabu."

"Tutaipata wote wawili. Jina nimekupa mimi, nani wa kuninyang'anya?"

Sijawahi kuwa na furaha kama ile niliyokuwa nayo njiani. Uwanja ulikuwa hatua chache tu kutoka barazani, nami nilitamani uwe mbali, ili nitembee zaidi na mama yangu tukiwa vile tulivyokuwa.

Aliyetuuliza alikuwa ofisa kijana, Bwana Kitwana, mtu mwenye adabu nyingi. Hakupaza sauti hata mara moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Wewe ndiye Mama Semeni?"

"Hapana," mama alisema.

Uwanja ukavuma. Bwana Kitwana akaniashiria kwa kidole. "Huyu si mwanao?"

"Ni mwanangu. Nilimwita Radhia."

"Na Semeni?"

"Hilo simjui aliyempa. Amejiita mwenyewe."

Bwana Kitwana alilirudia lile jina chinichini, kama mtu anayeonja mchuzi. "Radhia. Maana yake ni nini, mama?"

"Aliyeridhika."

"Zuri," akasema. "Zuri sana." Akawageukia waliokuwa wamepanga mstari. Mwanamke aliyefuata, akiwa amembeba mwanawe mgongoni, hakungoja kuulizwa. "Na wangu pia ni Radhia," alisema. Na aliyemfuata akasema hivyo hivyo, na wa nyuma yake, sauti zikashuka kwenye ule mstari kama ndoo zinazopitishwa mkono kwa mkono. Kabla jua halijapinda mji wetu ulikuwa umejaa watu walioridhika.

Kisha akanirudia mimi. "Mama yako ameshasema, dada. Unaitwa nani?"

Nilimtazama mama. Nilimtazama kwa muda mrefu sana, nikitafuta jicho. Nilidhani atanikonyeza. Nilidhani kuna hila ambayo hakuwa amewahi kunieleza, na kwamba nikiwa na akili nitaiona. Alikuwa anatazama baraza la nyumba yake.

"Naitwa Semeni," nikasema.

"Nani alikupa?"

"Mama yangu. Alinipa mlangoni, siku niliyozaliwa. Kuna watu hapa walikuwepo, waulizeni."

Bi Hidaya alikuwa mbele kabisa. Akainama kurekebisha kandambili yake, na hakuinuka.

"Mama?" Bwana Kitwana akauliza mara ya pili, kwa adabu ile ile, na nadhani alitaka kumpa nafasi.

"Nimeshasema," akajibu mama yangu.

Kujiita mwenyewe, wakati ule, lilikuwa kosa moja na kuiba. Nikapelekwa Ng'ambo.

Ng'ambo ni kule chumvi inakozidi kuwa nyeupe hadi inakuwa bluu. Waliopelekwa huko hukwangua chumvi kwa majembe ya mbao na hawaitwi majina. Msimamizi husema *wewe*, basi.

Wewe.

Nani, mimi?

Wewe.

Wote tunageuka. Kila anayegeuka ndiye.

Siku za mwanzo nilikuwa nikijinong'oneza jina langu kila ninapoinua jembe. Jembe juu, Semeni. Jembe chini, Semeni. Mtu akirudia neno mno linapoteza maana, nawe jaribu, chukua jina lako ulirudie hadi lilie kama kijiko kwenye sufuria. Se. Me. Ni. Nani huyo? Anasema na nani? Wangapi? Neno lenyewe lilikuwa la kuwaambia watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja. Kwa nini sikuwahi kuliona hilo? Mtoto mmoja anaitwaje kwa neno la umati?

Huko hakukuwa na mwaka, hata ule wa kwanza. Jua lilichomoza likiwa limechoka. Nilisahau mikono yangu ilivyokuwa kabla ya nyufa. Wakati mwingine nilimwona mama amekaa juu ya rundo la chumvi, mdogo kuliko mimi, msichana kabisa, na nilitaka kumwuliza jina lake, lakini alikuwa na shughuli, alikuwa akihesabu kitu kwa vidole.

Nikaacha kunong'ona.

Aliyekuwa akikwangua pembeni yangu aliitwa Mwamvua, alinitajia kwa siri. Alizaliwa mvua ikinyesha katika mji ambao haujaona mvua kabla wala baada, na kila alipojitambulisha watu walimwona mwongo. Alikuwa na kicheko cha puani. Siku moja tumepumzika tukinywa uji wa chumvi akaniuliza, "Kwani hilo jina lako lilikuwa zuri kiasi gani hata ukakubali kuletwa huku?"

"Si uzuri. Nilipewa na mama."

"Na mama'ko huyo huyo alikupa Radhia. Ungeitikia tu. Saa hizi ungekuwa barazani unachambua mchele. Mjinga wewe, alikuwa anakuokoa!"

"Angekuwa ananiokoa angenikonyeza."

Mwamvua aliacha kucheka. Alinitazama, akayatazama majembe, akasema, "Hapo sina la kukuambia." Ndiye mtu pekee aliyewahi kukubali kwamba nilikuwa na haki ya kulia. Alifia huko, homa ilimchukua, na walipomfukia niliwaambia anaitwa Mwamvua. Walicheka, wakatazama mbingu.

Msikivu aliondoka. Wengine husema aliziba masikio kwa nta ili apumzike, akashindwa kuwasikia waliopanda ngazi kuja kumtoa. Hakuna aliyekuja kutufungulia. Tuliona tu siku imepita hakuna aliyetuita *wewe*, tukaangalia nyuma, hapakuwa na msimamizi, tukaondoka.

Nilirudi katika mwaka wa kwanza wa mtu mwingine. Barabara ya sokoni ilikuwa na jina geni. Wale watoto wa kike waliopewa jina langu walikuwa wamekuwa wanawake wazima, wana majiko yao na waume zao, na wote walikuwa Radhia. Tangazo la mtawala mpya liliwaruhusu kurudia majina ya zamani, lakini nani angesumbuka? Ndimi zilishazoea. Msichana aliyeniuzia maji penye lango la mji aliniuliza naitwa nani, na nilipomwambia alifikiri kidogo.

"Semeni? Hilo si jina la sabuni?"

Mama alikuwa barazani. Miguu ilikuwa imemvimba, ameiegesha juu ya kigoda. Alinitambua kabla sijafika.

"Umerudi."

"Nimerudi."

"Kaa ule."

Nikala. Naona aibu kusema, lakini nilikula kwanza, ugali na mlenda, nikakomba bakuli kwa kidole, maana njaa haijui kwamba umesalitiwa. Nilipomaliza nikanawa, nikamuuliza.

"Kwa nini, mama? Uliniahidi asubuhi ile. Ulinisuka nywele, ukaniahidi."

"Nilitaka kuwaambia ile ya mlangoni. Kweli nilitaka. Niliposimama pale nikaikumbuka ilivyokuwa."

"Ilikuwaje?"

Alisogeza mguu mmoja kwa mikono miwili kama mtu anayehamisha mzigo. "Siku ile sikuwa nakupa jina. Nilikuwa nagombana na watu. Wewe ulikuwa mikononi tu."

Akaendelea, bila ukali.

"Nilikwita Radhia tangu uko tumboni. Nilikuwa nachochea moto nazungumza nawe, Radhia lala, Radhia acha mateke. Sikuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye. Wakaja wale, nikapandwa na hasira, nikasema neno. Kesho yake wakawa wanakuita hivyo. Nikasema litapita. Halikupita. Nawe ulipoanza kusema ulijitaja hivyo hivyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa ukiitika."

Kuna paka alipita ukutani. Nakumbuka nilimfuata kwa macho mpaka akashuka upande wa pili.

"Na Ng'ambo?" nikamwuliza. "Ulijua wananipeleka wapi."

"Nilijua."

"Basi?"

"Niliogopa. Usifikiri sikuogopa, nyumba hii, uzee huu. Lakini si woga peke yake." Akaniangalia, na sasa ndipo aliponipa lile jicho nililolitafuta uwanjani, limechelewa mno. "Nilikuwa nimechoka kuwa mama wa yule mwingine. Maisha yangu yote naitwa kwa tusi nililowatukana watu wale. Nilitaka mara moja tu, mbele ya watu, niwe mama wa mwanangu."

Mtu akikusaliti kwa uongo, anakuachia ukweli wa kukimbilia. Unajifunika nao, unasema wao ni waongo na mimi ninajijua. Mama yangu alinisaliti kwa ukweli. Alichokisema uwanjani ndicho pekee alichowahi kusema sawasawa juu ya jina langu; ndoto ilikuwa uongo, na hadithi ya mlangoni, niliyoibeba Ng'ambo chini ya ulimi kama mbegu, ilikuwa ugomvi wa majirani. Nilikwenda kukwangua chumvi kwa ajili ya neno ambalo halikuelekezwa kwangu. Na yule aliyeelekezewa mapenzi yote yale kando ya moto, aliyeambiwa alale, aliyeambiwa aache mateke, sikuwahi kukutana naye. Nilimwonea wivu. Nilikaa barazani kwa mama yangu nikimwonea wivu mtoto aliyekuwa tumboni mwake.

Sikuwa na pengine pa kwenda, nikakaa. Nilimchemshia maji, nilimkanda miguu, nilimpeleka nje na kumrudisha. Kuanzia siku ile aliniita Radhia na hakuniita vingine. "Radhia, maji." Nilimletea maji. "Radhia, jua limenifikia." Nilisogeza kiti. Kila alichotaka nilikifanya upesi na kwa mikono ya upole. Kuitika, sikuitika. Aliita, akangoja kidogo, na katika kule kungoja kidogo ndimo tulimoishi sisi wawili, miezi au miaka, sijui. Angeweza kuniomba. Ningeweza kusema *abee*, neno jepesi kuliko pumzi. Alikuwa mama yangu na nilikuwa na kisasi kimoja tu, nacho hakikumpiga wala kumnyima chakula.

Asubuhi alipozidiwa, majirani walijaa chumbani. Walikuwa wanawake wageni wageni, wasiojua mimi ni nani kwake, maana wale wa vidole walikuwa wamekwisha kufa, Bi Hidaya naye. Mmoja, Saumu, mwenye duka la mkaa, alikuwa akimpepea kwa ukingo wa kanga. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, nimemshika mkono.

"Radhia," mama akaita.

Wakatazamana. "Radhia," akaita tena, na akangoja.

"Shangazi," Saumu akaniambia, "huyo Radhia ni nani? Ni mwanawe? Aitwe aje, bibi anakwenda."

Mkono wa mama ulikuwa mwepesi, wenye mifupa ya ndege. Macho yake yalikuwa kwangu.

"Simjui," nikasema.

Saumu hakuwa mtu wa kukaa na kungoja. Alitoka barazani, akaweka viganja mdomoni, akaita kwa ile sauti ya kuuzia mkaa. "Radhia! We Radhia! Njoo upesi, bibi anakuita!"

"Abee!" akaitika mtu ng'ambo ya uwanja.

"Abee!" akaitika mwingine, uani, nyuma ya nyumba. Kisha upande wa visima, kisha sokoni, karibu na mbali, sauti nene na nyembamba, za wanawake walioacha vyungu motoni na watoto majini, zote zikiitika neno lile lile, mji mzima ukiitika.

Mama alifumba macho. Uso wake ukalegea, ukarudi nyuma, ukawa wa msichana nisiyemfahamu.

"Ameitika," alisema.

Mlangoni walianza kuingia, wakihema, wakifuta mikono kwenye kanga, kila mmoja akiuliza ni yeye aliyeitwa au ni mwenzake. Nikauachia ule mkono, nikasimama, nikawapisha wakae.